Mcheza Kwao Hutunzwa: Funzo kutoka Mji wa Split

Juma hili tunawaalika tusafiri pamoja kwa mawazo hadi mwambao wa bahari ya Adriatiki, nchini Croatia, katika mji uitwao Split. Si mji mkubwa. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo watu wapatao laki moja na sitini elfu. Hata hivyo, mji huu umewapa walimwengu wanamichezo na wanamuziki kwa wingi ambao miji mikubwa mara kumi yake ingeuonea wivu. Wenyeji wake hupenda kusema, kwa majivuno yasiyofichika, kwamba mji wao ndio wa kimichezo kuliko yote duniani. Ukitembea kando ya bandari yao, upande wa magharibi, utakuta majina ya wana na mabinti wa mji waliopata medali za Olimpiki yamewekwa chini, katika njia ile ile wanayopita watoto wakielekea baharini.

Tumekuwa tukijiuliza swali moja. Je, vipaji hivi vyote vilishuka mjini humo kama mvua, au kuna shamba lililolimwa? Swali hili si la Split peke yake. Linamhusu kila mzazi, kila mwalimu na kila jumuiya yenye watoto. Kwa maana tukiamini kwamba kipaji ni bahati tupu, basi hatuna la kufanya ila kuketi na kungoja. Lakini tukiamini kwamba kipaji hulelewa, tutalazimika kujibu tumekilea wapi, kwa nini, na pamoja na nani. Maoni yetu tunayaweka wazi tangu mwanzo: wakubwa wa mji ule walikuzwa na mambo ambayo ndani yake hakuna mtu anayehesabiwa kuwa mkubwa.

Tuanze na mahali penyewe. Kiini cha mji wa Split ni kasri ambalo Kaisari Diokletiano wa Roma alijijengea karibu na Salona, pande alikozaliwa. Mwaka 305 mtawala huyo aliachia madaraka kwa hiari yake, jambo lisilozoeleka kwa watawala wa zama zake wala wa zetu, akarudi kwao kuishi kando ya bahari. Karne kadhaa baadaye watu waliokimbia maangamizi ya Salona waliingia ndani ya kuta zile wakajenga nyumba zao humo, na mpaka leo watu wanaishi, wanafua nguo na kuzianika juu ya mawe ya kifalme. Kaburi la kaisari huyo aliyewatesa Wakristo limekuwa kanisa kuu la Mtakatifu Domnio, askofu wa Salona aliyeuawa mwaka 304 katika mateso hayo hayo. Kila tarehe 7 Mei mji wote husherehekea sikukuu ya askofu huyo. Kaisari amebaki katika historia, na aliyeuawa ndiye msimamizi wa mji. Watu wanaopita kila siku mbele ya jengo la namna hiyo wamekwisha kuambiwa jambo fulani kuhusu ukubwa na udogo, hata kama hawalitambui.

Sasa tuteremke hadi ufukwe wa Bačvice, hatua chache kutoka bandarini. Hapo maji ni ya kina kifupi, yafikayo chini ya goti, na chini yake ni mchanga laini. Tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini wenyeji huchezea hapo mchezo wao uitwao picigin. Wachezaji, kwa kawaida watano hivi, husimama katika duara na kurushiana kijipira kidogo kwa kukipiga na kiganja, wakijitupa hewani na majini ili kisianguke. Ndiyo hayo tu. Katika picigin ya kila siku ufukweni hakuna magoli, hakuna pointi, hakuna timu mbili zinazopambana, na mwishoni hakuna mshindi. Kila mmoja humtumikia mwenzake ili mchezo uendelee. Huchezwa wakati wa kiangazi, na huchezwa hata siku ya Mwaka Mpya, katikati ya baridi, na wazee pamoja na vijana. Croatia imeuweka mchezo huu katika orodha ya urithi wa utamaduni wake.

Tulipolisikia jambo hili kwa mara ya kwanza lilitushangaza. Mji uliojaa mabingwa unaupenda kwa moyo wote mchezo usio na bingwa! Lakini tukitafakari vizuri, mshangao unapungua. Mtoto anayejifunza kwanza kuutunza mpira usianguke, kwa ajili ya raha ya wote, atakuwa amejifunza jambo ambalo kocha wa baadaye hatalazimika kumfundisha kwa fimbo.

Na uimbaji nao una somo lilo hilo. Katika pwani yote ya Dalmatia watu huimba kwa namna iitwayo klapa. Ni kikundi kidogo cha waimbaji wanaosimama karibu karibu katika nusu duara, mara nyingi bila ala yoyote. Sauti ya kwanza ya juu huanzisha wimbo, nyingine hufuata, na sauti nzito huwa msingi chini yao. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza uimbaji huu katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Pale Split vikundi vya klapa husimama katika ukumbi wa mviringo wa kasri lile, ambao paa lake liko wazi juu, na mawe yenyewe huzirudisha sauti zikiwa zimechanganyika. Anayeimba kwa nguvu kuliko wenzake huharibu wimbo. Anayenyamaza vilevile huuharibu. Kila mmoja ni lazima asikilize kabla ya kutoa sauti.

Katika udongo huo wa kusikilizana waliota wanamuziki wengi. Franz von Suppé, aliyejipatia sifa kubwa mjini Vienna kwa opereta zake, alizaliwa Split mwaka 1819. Alifariki mwezi Mei 1895, na kabla mwaka huo haujaisha mji uliomzaa ulipata watoto wawili waliokuja kuwa watunzi wakuu: Ivo Tijardović, aliyeandika opereta zenye harufu ya mitaa ya Split yenyewe, na Jakov Gotovac, ambaye opera yake ya vichekesho, Ero s onoga svijeta, ya mwaka 1935, imekuwa kipenzi cha Wakroatia. Tangu mwaka 1960 mji umekuwa na tamasha lake la nyimbo, na humo walipita waimbaji wengi waliopendwa. Zlatan Stipišić, anayejulikana kwa jina la Gibonni, ni mwana wa Ljubo Stipišić, mtunzi aliyejitoa katika kuzikusanya na kuzihifadhi nyimbo za klapa. Baba alikusanya nyimbo za mababu, na mwana akapata kisima cha kuchotea.

Juu ya wote, labda, tumtaje Oliver Dragojević. Alizaliwa Split tarehe 7 Desemba 1947, akalelewa Vela Luka katika kisiwa cha Korčula. Mwaka 1961, akiwa na miaka 13, aliimba katika tamasha la watoto mjini Split. Tunaomba msomaji aliangalie neno hilo kwa makini: tamasha la watoto. Kulikuwa na watu wazima waliokaa, wakapanga, wakatafuta jukwaa na wapiga ala, ili watoto wapate kuimba mbele ya watu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua ni yupi angekuja kuwa Oliver. Baadaye akakutana na mtunzi Zdenko Runjić, mzaliwa wa Split pia, na kazi ya hao wawili ikawa sauti ya pwani nzima. Alipofariki tarehe 29 Julai 2018, umati uliagana naye bandarini, kisha mwili wake ukapelekwa kwa njia ya bahari hadi Vela Luka kuzikwa. Mtoto aliyevuka maji kwenda kuimba alirudishwa kwa maji yale yale.

Tugeukie sasa viwanja. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico, msichana wa Split aitwaye Đurđica Bjedov alishinda dhahabu katika kuogelea mita 100 kwa mtindo wa kifua. Ivano Balić, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1979, alikuwa katika timu ya mpira wa mikono iliyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2003 na dhahabu ya Olimpiki mjini Athens mwaka 2004, na mara mbili alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa dunia. Orodha ni ndefu, nasi hatutaki kuichosha roho ya msomaji. Tutue katika visa vitatu tu.

Kisa cha kwanza ni cha timu ya mpira wa kikapu ya Jugoplastika, iliyobeba jina la kiwanda cha bidhaa za plastiki cha mji huo. Mwaka 1989 vijana hawa walikwenda Munich kwenye fainali za klabu bingwa za Ulaya, wakiwa na Toni Kukoč wa miaka 20 na Dino Rađa wa miaka 21, wote wazaliwa wa Split. Waliifunga Maccabi ya Tel Aviv pointi 75 kwa 69. Mwaka 1990 walirudia, na mwaka 1991 wakarudia tena, ingawa walikuwa wamepoteza watu wao kwa klabu tajiri zaidi. Kocha wao wa miaka miwili ya kwanza, Božidar Maljković, alikuwa Mserbia. Duško Ivanović alitoka Montenegro. Vijana wa pwani ya Croatia walicheza nao bega kwa bega. Mwaka huo huo wa 1991 Yugoslavia ilivunjika na vita vikaanza. Watu ambao jana walikuwa timu moja walijikuta katika nchi mbalimbali zenye uhasama. Kukoč alikwenda kushinda mataji matatu na Chicago Bulls, mwaka 1996, 1997 na 1998, na wote wawili, Rađa mwaka 2018 na Kukoč mwaka 2021, wameingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu kule Marekani. Kiwanda hakipo tena. Tangu hapo mji haujalipata tena kombe lile la Ulaya. Ndiyo kusema shamba likiachwa, au likipitiwa na moto wa chuki, halizai kwa kukumbuka mavuno ya zamani.

Kisa cha pili ni cha Blanka Vlašić. Baba yake, Joško, alikuwa mwanariadha wa michezo kumi, naye alishinda katika Michezo ya Mediterania ya mwaka 1983 iliyofanyika Casablanca, nchini Morocco. Binti alipozaliwa mjini Split mwezi Novemba mwaka huo, alipewa jina kutokana na mji huo wa Afrika. Akawa bingwa wa dunia wa kuruka juu mwaka 2007 na 2009, na tarehe 31 Agosti 2009, mjini Zagreb, akaruka mita 2.08. Lakini katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alipotazamiwa na wote kushinda, alipata fedha. Yeye na Mbelgiji Tia Hellebaut waliruka kimo kimoja, mita 2.05, ila mwenzake alikivuka katika jaribio la kwanza, naye katika la pili. Baada ya hapo yakaja maumivu ya mguu na miaka ya matibabu. Mwaka 2016 alirudi katika Olimpiki, mjini Rio, akiwa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa waliopita, akapata shaba. Tunathubutu kusema kwamba shaba ile ilimgharimu zaidi kuliko dhahabu za wengi.

Kisa cha tatu ni cha Goran Ivanišević, mcheza tenisi, mzaliwa wa Split wa mwaka 1971. Mara tatu alifika fainali ya Wimbledon, mwaka 1992, 1994 na 1998, na mara tatu alishindwa. Fikirini, ndugu zangu, uchungu wa kuufikia mlango mara tatu na kufungiwa. Kufikia mwaka 2001 bega lilimuuma, na jina lake lilikuwa limeporomoka hadi nafasi ya 125 katika orodha ya wachezaji duniani. Hakuwa na sifa ya kuingia moja kwa moja. Aliingizwa kwa hisani ya waandaaji tu. Nusu fainali yake na Mwingereza Tim Henman ilikatizwa na mvua ikachukua siku tatu. Siku ya Jumatatu, tarehe 9 Julai 2001, alimshinda Patrick Rafter wa Australia kwa seti tano, ya mwisho ikiwa 9 kwa 7. Mpaka hapo hakuna mwanamume aliyewahi kuutwaa ubingwa ule wa mchezaji mmoja mmoja akiwa ameingia kwa hisani.

Aliporudi nyumbani, zaidi ya watu laki moja walijaa bandarini kumpokea. Na hapa ndipo penye jambo ambalo limetufanya tuandike makala hii. Katika siku ile kuu ya maisha yake, mbele ya umati wa mji wake, Ivanišević alivaa fulana ya mtu mwingine. Ilikuwa fulana ya mpira wa kikapu ya Dražen Petrović, rafiki yake kutoka mji jirani wa Šibenik, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Ujerumani mwezi Juni 1993. Umati uliita jina la Goran, naye akabeba kifuani jina la Dražen. Huyo ni mtoto wa mji wa picigin na klapa. Mpira ulipomfikia, aliupeleka kwa mwenzake.

Wako watakaotuambia kwamba tunapamba mno. Watasema watu wa Dalmatia ni warefu kwa asili, na urefu ni nusu ya mpira wa kikapu. Ni kweli kwamba ni warefu, na hatubishi. Lakini ziko jamii nyingi za watu warefu zisizo na kombe hata moja, na urefu haufundishi mtu kuimba. Wengine watasema kwamba kushangilia wanamichezo na waimbaji ni kujitengenezea miungu midogo. Hoja hii ina uzito zaidi, nasi tunaipokea. Wahenga walionya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Tena Split yenyewe inatupa ushahidi wa hatari hiyo. Klabu yake ya soka, Hajduk, ilianzishwa mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mji ulipotekwa na Italia, klabu ilikataa kuingia katika ligi ya watekaji. Tarehe 7 Mei 1944, siku ile ile ya Mtakatifu Domnio, iliundwa upya katika kisiwa cha Vis, ikiwa timu ya wale waliokuwa wakipigana na mafashisti. Huo ni urithi wa heshima. Lakini mwezi Juni 2015, katika uwanja wa Poljud, ambao ni nyumba ya Hajduk, alama ya Wanazi ilionekana imechorwa kwenye nyasi wakati wa mchezo wa Croatia na Italia, mchezo ambao tayari ulikuwa ukichezwa bila watazamaji kwa sababu ya adhabu ya ubaguzi. Croatia ilinyang'anywa pointi moja. Uwanja ni mmoja, mji ni mmoja. Mapenzi ya mji kwa vijana wake yanaweza kuwa chakula, na yanaweza kuwa sumu. Hutegemea tunapenda nini ndani yao.

Basi tunajifunza nini? Kwanza, tusingoje bingwa ndipo tujenge uwanja. Tamasha la watoto lilikuwapo kabla ya Oliver, na ufukwe ulikuwa wazi kwa wote kabla ya medali yoyote. Mahali ambapo viwanja vya watoto vimeuzwa na kwaya zimekosa walimu, tusije tukalalamika kwamba kizazi hiki hakina vipaji. Pili, tuwafundishe watoto kwanza kuutunza mpira na kuisikiliza sauti ya jirani, kisha tuwafundishe kushinda. Anayeanza na kushinda peke yake hufika kileleni akiwa mpweke. Tatu, na hili ndilo gumu, tuwe na subira kwa walioshindwa. Ni wangapi kati yetu wangeendelea kumwita nyumbani kijana aliyeshindwa fainali tatu? Tunao katika familia zetu watoto waliofeli mtihani mara moja tu, na tumekwisha kuwafunga midomo na milango.

Wahenga wetu walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mara nyingi tumelichukua neno hilo kuwa ni ahadi kwa mchezaji: cheza kwenu nawe utapewa tuzo. Sisi tunadhani ni amri kwa watu wa kwao vilevile. Mchezaji ametimiza wajibu wake alipoingia uwanjani. Kutunza ni juu yetu, naye ana haki ya kutunzwa hata siku ambayo ngoma imemshinda.

Juma hili, msomaji mpendwa, mtafute mmoja katika mtaa wako aliyejaribu akashindwa. Mwulize atajaribu tena lini, na umwambie utakuwapo. Tukutane juma lijalo.